Chumba cha Labda

Sogezeni viti, wanangu, na masikio yawe karibu kuliko viti, maana sauti yangu haifiki tena mlangoni, na leo sitaki mtu aniambie nipumzike. Kupumzika kupo, kunaningoja. Leo ni Jumanne, sivyo? Gari la mitungi ya oksijeni limefika? Bado. Haya. Kifunguamimba, achana na hicho kipimo kidoleni mwangu, namba zake naziona usoni mwako. Jana uliniambia, "Mama, utapona." Wewe ni daktari, usiseme hivyo. Sema labda.

Wafanyakazi wananiita Mama Labda, nanyi mnadhani ni utani wa jikoni. Sikilizeni ulikotoka. Mimi na marehemu baba yenu tulipokuwa na vitanda kumi na viwili tu hospitalini hapa, kila mwanzo wa mwaka tulikaa na mtunza stoo wetu kuandika mpango, wajawazito wangapi watakuja, katoni ngapi za glavu, gari la oksijeni litafika lini, na kila penye namba mtunza stoo alichomeka neno hilo. Gari litakuja kila Jumanne, labda. Baba yenu alicheka mpaka akatokwa machozi, lakini kwa ajili ya hizo labda tulikitenga chumba hiki nilicholala, kitanda kimoja kimetandikwa na mitungi miwili imejaa, visiguswe mpaka siku mambo yatakapoharibika.

Tulipotaka kujenga ghorofa akaja mtaalamu wa mipango, viatu vyake havina hata punje ya vumbi, akalisoma daftari letu akatabasamu. "Mama, mpango wenye labda si mpango, ni maombi." Niliona haya, wanangu. Nikachukua ule wino mweupe wa kufutia, nikazifuta labda zote, arobaini na tatu, chumba hiki nikakifanya ofisi yangu, na mitungi miwili ya akiba tukairudisha ilikotoka, kwa kuwa gari lilikuwa halijakosa Jumanne hata moja kwa miaka sita. Mtunza stoo akaniambia, usiache mbachao kwa msala upitao. Nikamjibu atunze stoo, mipango aniachie mimi.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa niliwadanganya. Mama yenu mdogo hakufika akiwa amechelewa, kama nilivyowaambia msibani. Alifika saa nne asubuhi, kwa miguu yake, pumu imembana, na bado akanitania kwamba nimenenepa. Ilikuwa Jumatano. Jana yake gari halikuja, daraja lilikuwa limekatika, na mtungi wa mwisho ulikuwa wodini kwa kichanga. Mdogo wangu akakaa kwenye kiti changu, pale dirishani, ananiangalia, nami sikuwa na cha kumpa zaidi ya mkono wangu. Saa sita alikuwa ameshakwenda. Mtunza stoo alisimama mlangoni akasema neno moja tu, "Labda," wala hakulisema kwa kejeli, alikuwa analia, na kesho yake nikamfukuza kazi kwa sababu sikuweza kumtazama usoni. Majuto ni mjukuu, na huyu nimemlea peke yangu miaka ishirini.

Ngoja nivute pumzi. Gari bado?

Kaburi siliogopi, wanangu. Naogopa ile karatasi ya kifunguamimba, mpango wa miaka kumi unaongoja sahihi yangu, ambamo chumba hiki kimeandikwa "eksirei". Nimeusoma mara tatu. Mzuri, hata mtaalamu yule angeusifu. Hauna labda hata moja. Na wewe wa pili, unayeendesha ofisi, usitazame saa, najua unasema chumba kitupu hakimtibu mtu, na kinachoninyima usingizi ni kwamba huenda una haki. Baada ya msiba ule nilikirudishia chumba hiki kitanda na mitungi yake, neno labda likanikaa mdomoni, na tangu hapo kimeokoa watu wanne ninaowajua. Lakini mwaka juzi nilimlaza mzee wa watu barazani, kwenye baridi, huku kitanda hiki kitupu, nikihofia atakuja aliyezidiwa zaidi yake, na hakuja mtu. Mzee yule alitoka anakohoa kuliko alivyoingia. Hofu nayo ni mpangaji mbaya, ukimpa chumba hatoki.

Kwa hiyo siwaambii jengeni wala msijenge. Nawausia hivi. Zirudisheni labda mahali pake, na mbele ya kila labda andikeni, likishindikana hili tutafanya lile, na ufunguo anao fulani. Mpango huo usomeni upya kila mwaka, na watu wa stoo, wa jikoni na wa getini wakae mezani, wasisimame mlangoni, maana wao ndio wa kwanza kujua kwamba gari limechelewa. Chumba mkitaka kukihamisha, kihamisheni, ila kiwepo. Hospitali ni yenu watatu, sawa kwa sawa. Nyumba ni ya kitindamimba, aliyenifulia shuka bila kununa.

Halafu nendeni wote kwa mtunza stoo, ana duka la mabomba nyuma ya stendi. Msimtume mtu. Mwambieni nimesema alikuwa sahihi, na kwamba ni mimi niliyefuta. Akiwafukuza, rudini tena. Usitukane wakunga na uzazi ungalipo, nami mkunga mzima nililisahau hilo.

Kitindamimba... mshale wa kipimo cha mtungi umefika wapi? Usinifiche. Basi. Na ule mwingine, umejaa? Ugonge nisikie. Ehee.

Lete karatasi, kifunguamimba. Andika wewe, kwa mkono wako. Pale penye Jumanne... andika. Umeandika? Nisomee. Vizuri.

Mungu awape maisha marefu, wanangu, awape na watu wa kuwabishia... na masikio ya kuwasikia. Msigombane. Nikitoka hapa, msianze kulia. Badilisheni shuka kwanza... mtandike. Labda kuna mtu yuko njiani.