Jani na Panga

Ndani ya Noah ya abiria iendayo Marangu, Mwamvita alitega sikio. Mzee aliyepakata panga na jani la isale, lile la kupatanishia, alikuwa akimlalamikia katekista aliyekaa naye: jirani amesogeza mpaka na kumega kihamba chake, shamba la migomba alilorithi.

"Baba, Wakristo wa kwanza waliukataa upanga wa Kaisari," katekista alisema. "Waliuawa, hawakuua. Ndivyo walivyoshinda."

"Walishinda? Mbona baadaye Kaisari alibatizwa na upanga wake hakuuacha? Sasa nani alimgeuza mwenzake?"

Mwamvita, Mwislamu aliyefuata ndizi tu huko, akachanganyikiwa.

Gari likasimama. Mzee akashuka, panga mkono huu, jani mkono ule, akainama dirishani kwa katekista.

"Mwalimu, nikifika kwa jirani nitangulize mkono upi?"