Nilimpa, Nilimtoa

Benchi lenyewe liko nje ya kibanda cha kinyozi, na ukitaka kujua nani kafilisika, nani kaoa na nani anajidai hajaoa, we kaa hapo kidogo tu. Jioni hiyo walikuwapo wa kudumu. Spika, kinyozi mwenyewe, ambaye akinyoa anaongea na asiponyoa anaongea zaidi. Nukta, mwalimu mstaafu, anayeweza kukukatiza hata msibani ukikosea ngeli. Mama Birika, muuza kahawa, kwenye kigoda chake. Na Randa, seremala wa mlango wa pili, mtu wa maneno machache, ambaye leo kahawa ilikuwa inampolea mkononi. Ajabu ni kwamba yeye ndiye aliyeanza.

— Mwalimu, hili neno "kupa" lina wenzake wangapi?

Nukta akavua miwani. Tangu astaafu hakuna aliyewahi kumuuliza swali tamu kama hilo.

— Wengi. Kugawia, kuzawadia, kutunuku, kukirimu, kukabidhi...

— Inategemea anayetoa ni nani, Spika akadakia. Mungu anakujalia, bosi anakutunuku, jirani anakugawia, mke anakupakulia. Mimi nakwambia njoo kesho.

— Hilo la mwisho si kisawe.

— Kwangu ni kisawe kamili. Halafu angalia, "nyima" ni refu, "pa" ni herufi mbili tu. Kwa nini? Kwa sababu kupa kunafanywa harakaharaka kabla mkeo hajasikia. Kunyima kuna maelezo, mara hali ngumu, mara mwezi umenibana. Waliotunga lugha hii walikuwa wachoyo, tena waoga wa wake zao.

— Mbona mtu anapewa hata asichokiomba? Mama Birika akasema. Wangu alinipa kisogo, akanipa talaka. Na mimi nikampa vidonge vyake.

— Si ndiyo hayo ninayosema. Chunguza ugomvi wowote mtaani, utakuta mtu alimpa mtu kitu. Kupeana kungepigwa marufuku, kila mtu akakaa na chake, hata polisi wangefunga vituo wakalime.

Siku nyingine Randa angecheka. Leo macho yake yalikuwa kwenye kona ya barabara. Alikuwa anatafuta neno moja, na alilitaka kabla mtu fulani hajafika.

— Mwalimu, nikisema "nilimpa", kuna kosa?

— Hakuna. Ila "pa" lina tabia yake, halitembei bila mpokeaji. Ile "m" ya katikati ni yule aliyepokea. Kinachotolewa kinabaki nje. Nilimpa dada yangu kiti. "M" ni dada. Kiti hakimo ndani ya neno.

— Na kama si kiti? Kama ni mtoto?

Spika akageuka kumtazama. Ndipo Randa akawaeleza, huku anatazama kikombe. Mkewe alifariki akamwachia binti mdogo, ndiyo kwanza ameanza kuongea. Dada yake hakujaliwa mtoto, na nyumba yake ilikuwa na utulivu. Akampa amlee mpaka yeye ajipange. Kujipanga kukaenda, kukaenda, mtoto akamzoea shangazi yake akamwita mama, na baba yake mzazi akamwita mjomba. Randa akaitika. Kila likizo alikwenda na nia ya kumrudisha, na kila likizo akarudi peke yake na moyo mzito. Mwezi uliopita dada alifariki, na pale msibani ulimi wa mtu ukateleza, binti akajua baba yake ni nani. Asubuhi ya leo binti alipiga simu, akasema anakuja.

— Ataniuliza nilifanya nini, Randa akasema. Nataka niwe na neno tayari.

— Sema ulimkabidhi, Spika akasema kwa sauti ambayo hakuna mteja wake aliyewahi kuisikia.

— Wanaokabidhiwa ni watu wa stoo, Mama Birika akasema. Funguo na makopo ya rangi.

— Basi mwambie binti mwenyewe, "nilikupa", Spika akasema.

— Hapo aliyepokea ni yeye, Nukta akasema.

— Alipokea nini? Randa akauliza.

Nukta akafuta miwani yake kwa shati.

— Au "nilimtoa"? Randa akajaribu tena.

— Hapo mtoto yumo ndani ya neno. Ila utasikika kama ulimfukuza.

— Nilimwachia dada.

— "M" ni dada tena. Ukitaka mtoto awemo, itabidi useme "nilimwacha".

Nukta alijuta papo hapo. Maisha yake yote alikuwa akisahihisha watu bila kuona haya, lakini hili angelirudisha mdomoni kama angeweza.

— Ningeweza kumlea, Randa akasema. Wanaume wangapi wanalea. Niliogopa tu.

Binti alitokea kwenye kona na mkoba wake begani, mwanamke mzima anayetembea kwa haraka. Akawaamkia wote, shikamooni, wakaitikia marahaba. Kisha akamgeukia Randa.

— Shikamoo.

Hakusema mjomba, wala hakusema baba. Randa akasimama.

— Marahaba, mwanangu. Nili...

— Ngoja kwanza. Nimeshaambiwa yote. Najua mama mzazi alikuwa amefariki, najua ulikuwa na hali gani. Sijaja kugombana. Mimi nina mtoto wangu sasa, wa umri uleule niliokuwa nao. Nikimwacha hata kwa jirani analia mpaka anapaliwa. Nataka kujua kitu kimoja tu. Siku ile nilipoondoka, nililia?

Randa aliwageukia wenzake kana kwamba kuna anayeweza kumsaidia. Spika alikuwa anatazama ndala zake. Siku ile, dada alipokuja kumchukua mtoto, Randa alikuwa karakana, amewasha msumeno wa umeme tangu asubuhi bila ubao wowote wa kupasua, ili asisikie kitu. Aliyesikia alikuwa dada peke yake.

— Sijui, mwanangu, akasema.