Sherifu, Kinyozi wa Picha za Kauboi

Ndugu, jamaa, majirani na wateja mliofunga shughuli zenu kuja kutushika mkono, familia imenituma mimi, mdogo wa marehemu, niwasomee maisha yake, na mjane ameniagiza nisiyarembe, kwa kuwa marehemu mwenyewe aliyaremba vya kutosha.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1962, katika nyumba za wafanyakazi nyuma ya kiwanda cha sabuni, mtoto wa kwanza wa dereva wa lori la kiwanda na mama aliyekuwa akifunga miche ya sabuni kwenye makaratasi. Alianza shule ya msingi mwaka 1969 na kumaliza mwaka 1975, kwa matokeo ambayo familia imekubaliana yasisomwe hapa. Huko shuleni alikuwa akiwanyoa wenzake chini ya dawati kwa mkasi wa mama, mpaka siku moja mwalimu wa hesabu alipogeuka kutoka ubaoni na kukuta safu nzima ya nyuma ina vichwa vilivyonyolewa upande mmoja, na baba alipopata habari hakumpiga, alimpeleka kwa mjomba wetu aliyekuwa kinyozi, akasema, "Mchukue huyu, kosa lake afadhali alifanye kwa malipo."

Mwaka 1983 alifungua duka lake mwenyewe la kinyozi, chumba chenye viti viwili na kioo kilichopasuka pembeni, ukuta kwa ukuta na zahanati, na kwa miaka mingi alinyoa kimya kimya kama vinyozi wengine. Mambo yalibadilika mwaka 2005, alipopita mchuuzi na boksi la DVD za bei ya kutupa, kila moja ikiwa na picha kumi za zamani za kauboi, na marehemu akalinunua boksi zima, kisha ndipo akaenda kutafuta televisheni na deki za kuwaonyeshea wateja. Juu ya jalada palikuwa na mwanamume mwenye skafu nyekundu juu ya farasi mweupe, lakini picha zote zilikuwa nyeusi na nyeupe, na mtu huyo hakuonekana hata katika moja. Wateja walimsubiri mwaka mzima, wakiuliza, "Mwenye skafu anatokea lini?" na marehemu akiwajibu bila aibu, "Kaeni, yuko njiani."

Ubaya wa diski zile ni kwamba nyingi ziligoma kabla ya mwisho, bastola zimeshatolewa, watu wametazamana, halafu picha inaganda. Hapo marehemu alizima deki, akasimama katikati ya chumba na kitana mkononi, akaimalizia mwenyewe kwa mdomo, na wapo wazee hapa watakaoapa kwamba waliyaona kwa macho mambo ambayo waliyasikia tu kwake. Jina la Sherifu, yaani yule askari mkuu wa mji katika picha za kauboi, alilipata hapo, ingawa kuna mgeni mmoja aliyesikia Sharifu, akaja kuomba aombewe dua, akatoka amenyolewa.

Familia haiwezi kuficha suala la mwalimu mkuu, ambaye yupo kati yetu, na aliyepoteza nyusi moja majambazi walipokuwa wakivamia benki kwenye picha. Marehemu aliomba radhi, akamnyoa na ya pili ili zilingane, na wakabaki marafiki.

Kuhusu ndoa, mkunga wa zahanati alikuja siku moja amefura, akasimama mlangoni na koti lake jeupe, akasema, "Kaka, wewe ukifyatua risasi moja huku, mimi kule napata wagonjwa wawili wa presha." Marehemu alimjibu, "Basi kaa, dada, uniambie sauti iwe wapi." Mkunga alikaa, picha ikagoma shujaa akiwa ananing'inia kwenye jabali, marehemu akamshusha kwa maneno yake mwenyewe, taratibu, kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, na kesho yake mkunga akarudi kukagua sauti. Ukaguzi uliendelea mpaka tarehe 14 Juni 2008, walipofunga ndoa, shangazi zetu wakiwa wamekwisha kukata tamaa naye. Walijaliwa binti mmoja mwaka 2010, ambaye alipopelekwa chanjo na kuiona sindano aliinua mikono yote miwili.

Mwaka 2019 marehemu alianza kupoteza nuru kwa presha ya macho, na madaktari, baada ya kujitahidi sana, walimweleza kwamba haitarudi. Alilificha jambo hilo, akinyoa kwa kupapasa, mpaka mkewe alipomwondolea mashine mkononi na kumwambia, "Mume wangu, mikono yako naiamini, ila masikio ya watu yana wenyewe." Duka likafungwa. Mtu yule wa maneno akawa anakaa ameelekea ukutani, hataki salamu, hataki deki iwashwe, na nyumba nzima ikawa inatembea kwa vidole.

Alasiri moja mkewe aliwasha deki bila kumwomba ruhusa, akakaa ubavuni pake, akaanza kumsimulia anachokiona. Lakini mkunga aliyetumia maisha yake yote kuokoa watu hakuweza kutamka kwamba kuna aliyekufa.

"Kapigwa bega," akasema.

"Bega? Mbona nimesikia kaanguka?"

"Kalazwa. Wanamfunga bandeji."

"Na yule wa juu ya paa?"

"Huyo kateguka tu."

Marehemu akauliza, "Mke wangu, hii ni vita au ni zahanati?" na akacheka, kicheko ambacho hatukuwa tumekisikia tangu macho yapoteze nuru. Toka siku hiyo wateja wa zamani walirudi, sasa sebuleni, kusikiliza picha ambazo ndani yake kila majeruhi aliruhusiwa kurudi nyumbani.

Mwaka huu wa 2024 moyo wake ulidhoofika, akalazwa mwezi Septemba. Wodini hapakuwa na televisheni, hivyo mkewe akawa anamsimulia kwa kichwa. Alasiri ya tarehe 3 Oktoba marehemu aliuliza, "Yule wa nyuma ya jabali, kapona?" akajibiwa, "Kapona, keshapanda farasi," naye akasema, "Vizuri," akageuza shavu kwenye mto. Muuguzi alipofika na kumgusa mkono, mkunga wetu, ambaye mambo haya anayajua kuliko sisi sote, alimwomba asubiri kidogo, akaimalizia hadithi mpaka mwisho, kisha akanyanyuka mwenyewe kumfumba macho.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi kwa uvumilivu wao, wafanyakazi wa zahanati waliokuja zamu kwa zamu, vinyozi wenzake waliofunga leo, na majirani mlioosha vyombo bila kuulizwa. Mjane ameomba tusiongeze mengi, kwa kuwa amechoka, na anasema wewe, kaka, ndiye uliyekuwa ukijua amechoka kabla hajasema. Pumzika, kaka yangu, upumzike kwa amani.