Walitaka Jina, Mi Niliwaletea Vichupa

Ndugu zangu wa jumuiya hii ya Kamenge, asanteni kunipa nafasi. Mnanijua, mi ni muuguzi wa watoto. Nitawaambia yaliyonipata kazini, na mnisamehe sauti ikipanda, maana bado yananikera.

Famasi ya hospitali yetu ilileta maji ya kuchanganyia dawa, kwenye vichupa vidogo vyenye kifuniko cha bluu. Ikaleta na potasiamu. Vichupa vilevile, bluu ileile! Ndugu zangu, potasiamu ukiichoma moja kwa moja kwenye mshipa, moyo wa mtoto unasimama. Na vyote viliwekwa kwenye sanduku moja.

Asubuhi moja mwenzangu alikuwa ameshavuta dawa kwenye sindano, anainama juu ya mtoto. Mi nikaona kichupa alichokiacha mezani: potasiamu! Nikamshika mkono. Akasoma maandishi, akakaa chini palepale sakafuni.

Nikaenda kwa shefu, mkubwa wa wodi yetu, kuripoti, vichupa mkononi.

"Ni nani alikosea?" akaniuliza.

"Shefu, tazama hivi vichupa."

"Mi nakuuliza jina."

"Apana shefu, nikikupa jina, kesho mwingine atakosea vilevile."

Hakuvitazama hata! Alisema ninaficha wazembe na ninachafua jina la servisi, wodi yake nzima. Wiki ileile nikapelekwa kufulia mashuka. Muuguzi mwenye diploma, nafua mashuka! Wenzangu nao wakaniita redio, eti natangaza ya wodini. Nikiingia kunywa chai, maneno yanakatika.

Nawaambia ukweli, nilianguka. Chakula hakipiti. Mume wangu akiongea, nalia. Nikaamua kuacha uuguzi, nikauze nyanya na dada yangu kule Gatumba. Lakini kila nilipokunja shuka dogo la mtoto nilijiuliza: lile sanduku limetolewa? Halikutolewa.

Basi, siku moja yule mwenzangu niliyemshika mkono akanifuata kufulia. Macho mekundu.

"Leo tena," akasema. "Mwanafunzi wa stage, hawa wanaokuja kujifunza kazi. Tumemzuia mulangoni, potasiamu iko kwenye sindano. Mi siwezi tena kunyamaza."

"Watakufukuza."

"Wanifukuze. Twende."

Tukaingia kwenye mkutano wa asubuhi, mi bado na eproni yenye maji. Daktari mkuu alikuwepo. Mwenzangu akasimama. Akasema: "Jina mulilotafuta ni langu. Mi ndiye nilikaribia kuua mutoto. Huyu alinizuia, akanificha, mukamutupa kufulia."

Muuguzi mmoja nyuma akasema, "Na mi ilinipata." Mwingine, "Na mi." Ndugu zangu, wote walijua! Wote!

Daktari akaomba vichupa. Akaviweka kwenye kiganja, akavigeuza, akashindwa kuvitofautisha bila miwani. Jua halijazama, potasiamu ikafungiwa kwenye kabati la peke yake. Kazi ya dakika chache, iliyonigharimu miezi ya machozi.

Nimerudi kwa watoto. Shefu hajaniomba msamaha, na nimechoka kuungoja.

Namshukuru mwenzangu yule, alihatarisha mkate wa wanawe. Nawashukuru nyinyi mliokuja kwangu na uji, mkakaa bila kunihoji. Mume wangu, Mungu akuone.

Na wewe uliye mkubwa mahali, iwe gereji, iwe shule, iwe nyumbani kwako: mtu akija kukuambia kuna hatari, mwache amalize kusema. Pengine ameshapita kwa wengine, na baada yako hatamwambia mtu tena.