Daktari wa Mawazo Hana Mteja

Benchi ni yangu. Wanaume wa hapa Mweiga wakikaa sana huanza kuiita "benchi yetu", lakini ni mimi Watiri niliigongelea misumari na kuiweka mbele ya kibanda changu cha kahawa, ikiangalia barabara. Asubuhi, magari ya viazi yakishapita na maziwa yakishafika kwa mtambo wa kupozea, wanakuja mmoja mmoja. Wa kwanza ni Kingori, tunayemwita Mheshimiwa kwa sababu aliwahi kusimama kiti cha wodi akapata kura za ukoo wake, na si ukoo wote. Halafu Ben wa bodaboda, jina lake Chuo, maana alisoma huko Nairobi mpaka mwaka wa pili na hatujapumzika kusikia. Wa mwisho ni Wamae. Yeye tunamwita Mtungi, kwa vile anabebea wakulima maziwa. Tangu tumzike mkewe Phyllis mwaka jana, Wamae anakunywa kahawa nusu, nusu anaiacha ipoe. Sote tunaona na hakuna anayesema kitu. Mambo mengine yote yanasemwa. Nani amepita, amebeba nini, ameingia kwa nani, ametoka akikunja uso ama akicheka. Hiyo ndiyo kazi ya benchi, na wanaifanya vizuri kuliko kazi zao.

Ng'ambo ya barabara, sawa na pua zetu, kuna chumba cha Mercyline. Huyu ni bibi ya Wandera, yule polisi mrefu aliyehamishiwa hapa kutoka Nakuru. Huko Nakuru Mercyline alikuwa mwanasaikolojia katika hospitali, mtu wa kukaa na wewe uongee mpaka roho itulie. Alipofuata bwana yake huku alidhani kazi itapatikana, maana shida ziko kila mahali. Hospitali ya mjini ikamwambia angoje kaunti itangaze nafasi. Shule moja ikamwita siku moja kabla ya mtihani, kufika akapewa maikrofoni aombee watoto. Kanisa likampa darasa la wachumba bila mshahara, wakamshukuru na kabeji. Nilimwambia kabeji si mbaya. Hakucheka sana.

Basi akakodi hicho chumba, akaweka kibao. Sisi tukamwita Daktari wa Mawazo. Alifungua wakati viazi vinapandwa, na sasa vinachimbwa, na hakuna mtu amekaa kwa kile kiti chake.

Jumatano alivuka barabara akaniambia polepole, kikombe mkononi, kwamba Ijumaa atang'oa kibao. Kule Nakuru wamemwambia arudi. Atachukua mtoto, Wandera atabaki kambini peke yake.

"Nimechoka kukaa na mlango wazi, Mama," akasema. "Bora nirudi mahali mtu ananihitaji."

Iliniuma. Ni msichana mzuri, anarudisha vikombe vikiwa vimeoshwa. Kwa hivyo kesho yake nikawaambia wale wa benchi, nikitumaini watapata wazo. Kosa langu.

Mheshimiwa alianza, kwani yeye huanza.

— Hii ni siasa. Huyo mama hana mtu wake kule juu. Na pia ameweka kibao. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Ukiona kibao, jua kitu ni kibaya.

— Wewe uliweka picha yako kwa kila mlingoti, Chuo akamwambia.

— Si ndio nilishindwa?

Chuo akasema siasa haiko hapo, shida ni sindano. Mtu wa huku akienda kwa daktari anataka adungwe. Ukimwambia tu "nieleze unavyojisikia", anaona amedanganywa. Huyo mama angevaa koti jeupe, adunge kila mtu maji ya chumvi, halafu waongee sindano ikiuma. Akaongeza kwamba maongezi hayawezi kuuzwa Mweiga, kwa sababu Mheshimiwa anayapeana bure na hakuna anayeyataka.

— Mimi nitakushtaki, Mheshimiwa akasema, akaomba kahawa nyingine.

 Nikadhani Wamae hasikii. Kumbe alikuwa anapika jibu lake.

— Ni baridi, akasema.

— Baridi gani?

— Ya mlima. Kiazi ukiweka mahali pa joto kinaoza, unasikia harufu, unakitoa. Ukiweka kwa baridi kinakaa. Sasa shida za watu wa huku zinakaa hivyo. Hazinuki. Mtu anaishi nazo miaka, haoni haja ya daktari.

Chuo akasema kumbe Mtungi ndiye profesa. Hilo likamtia Wamae moto, akaendelea. Akasema tena ule mlango umekaa vibaya. Tangu zamani mtu wa hapa akiwa na neno zito anaelekea mlima, hata awe muumini wa kanisa gani, shingo inageuka yenyewe. Lakini huyo mama viti vyake viwili vimeupa mlima mgongo, kimoja cha kijani kimoja cha mbao, na tishu ziko kwa meza ndogo karibu na dirisha.

— Na wewe umejuaje kiti ni cha kijani? nikamuuliza.

Akanywa kahawa, ile nusu anayoiachaga.

— Niliona nikipita.

Ukipita barabarani huoni chochote ndani ya chumba kile. Pazia la mlango ni zito, nilisaidia kulitundika. Kuona kiti lazima usimame pale mlangoni ulifunue. 

Mheshimiwa hakugundua. Alikuwa ameshakumbuka kisa chake cha Mwalimu Njoki, na akianza hawezi kunyamazishwa. Wiki iliyopita Njoki alivuka kuelekea kwa ule mlango, na Mheshimiwa, mtu wa heshima zake, akamsalimia kwa sauti ya mkutano: mwalimu, unaenda kwa daktari wa mawazo, kwani nyumbani kuna nini? Njoki akasema anaulizia tu nyumba ya kukodisha, akarudi mbio. Wakacheka tena kama siku ile. Mimi pia nilikuwa nimecheka siku ile. Wamae hakucheka.

— Sasa ona, Mheshimiwa akasema, akipangusa macho. Hata walimu hawamtaki. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wandera amnunulie bibi jembe, hapa kuna shamba.

Hapo gari ya Probox ikasimama kando. Akashuka mama wa makamo, sweta nzito na kitambaa kichwani, mtu nisiyemjua. Ndani, kiti cha nyuma, nikaona kijana wa kiume amevuta kofia ya jaketi mpaka machoni. Huyo mama hakuja kununua. Alisimama mbele ya benchi akiwa ameshika mkoba kwa mikono miwili.

— Samahani wazee. Nyinyi huwa mnatoka hapa saa ngapi?

— Kwa nini, mama? Mheshimiwa akauliza. Unatafuta nani?

— Sitafuti mtu. Nimeuliza tu mnatoka saa ngapi.

 Mheshimiwa, ambaye hujibu hata asichoulizwa, akaangalia kikombe. Ukweli ni kwamba hawatoki. Akienda mmoja kula, mwingine anabaki.

Yule mama akangoja. Halafu akasema bila hasira kwamba yeye anatoka huko Wamagana. Kijana wake halali usiku wala hali chakula, na amekubali kuongea na mtu, lakini si karibu na nyumbani. Kwa hivyo akamleta huku mbali makusudi, mahali hawajulikani. Na hii si mara ya kwanza. Kila wakifika wanakuta macho, kijana anasema turudi, wanarudi.

Sufuria yangu ilikuwa inachemka na niliiacha ichemke. Aibu ilinishika, sitaficha. Tulikuwa tumekaa tukipika majibu asubuhi nzima na sisi ndio tulikuwa tumeziba njia.

— Inukeni, nikasema.

— Tuende wapi? Mheshimiwa akauliza.

— Inukeni kwanza. Benchi ni yangu.

Nikashika upande mmoja. Kabla sijaita mtu wa pili, Wamae alikuwa ameshashika ule mwingine. Tukaizungusha mpaka ikaelekea ukuta wa posho mill ya kusaga unga, karibu magoti yao yaguse. Chuo akauliza sasa wataangalia nini. Nikamwambia ukuta. Wakakaa. Mheshimiwa akajaribu kugeuza shingo nikamwambia nitammwagia kahawa, na alijua simtanii. Nyuma yetu mlango wa gari ukafunguka, baadaye mlango wa ng'ambo ukafungwa. Tulikaa kama watu wako kanisani.

Ijumaa kibao kilikuwa bado pale. Jumamosi pia.

Jumatatu Mheshimiwa alikuja, Chuo akaja, wakaangalia ukuta wao. Wameanza kuuzoea, wanabishana kama ufa uliopo umeongezeka. Kahawa ilikuwa inaisha nikauliza kama kuna mtu nimwekee. Mheshimiwa akatazama pale penye nafasi.

— Mtungi ako wapi leo?

— Amepeleka maziwa, nikasema.

Ilikuwa saa nne. Maziwa ya Mweiga yanaenda alfajiri, hata mtoto mchanga anajua, kwa sababu ndiyo anakunywa. Mheshimiwa akakubali na kichwa.

— Muwekee yake, akasema. Akirudi aipate moto.

Na hakuna aliyegeuka kutazama ng'ambo.