Anneth Qamara na Ngoma ya Magadi

Anneth Qamara, tunayemsindikiza leo, alizaliwa Rhotia tarehe 14 Machi 1971, mtoto wa kwanza wa Mzee Qamara na Mama Martina. Alilelewa zaidi na bibi yake, ambaye enzi za usichana wake alitembea na wenzake hadi ziwani kufuata magadi, mzigo mgongoni. Anneth alipojifunza kutembea, alitembea ameinama akimwiga bibi. Nyumbani wakadhani mtoto ana kibiongo, wakamkimbiza zahanati. Tabibu alipomshika mgongo, mtoto akacheka na kusimama wima.

Alisoma Shule ya Msingi Rhotia kuanzia 1979 hadi 1985, kisha sekondari Karatu, na mwaka 1992 akaenda Bagamoyo kusomea ngoma. Aliporudi mwaka 1995 wengi tulitegemea atakuwa mwalimu. Yeye akaanzisha kikundi, wakawa wanafanya mazoezi kwenye ghala la mahindi la baba yake.

Humo ndimo alimotunga Ngoma ya Magadi. Wanawake walitembea wameinama kama mabibi wa Kiiraqw, vijana wa Kimaasai wakiruka katikati yao, mpaka mwishoni usijue nani amebeba na nani amebebwa. Wazee wa Rhotia walisema si ngoma yao. Wazee wa Ngorongoro nao walisema si yao. Meneja wa hoteli moja ya kitalii aliitazama mara moja tu, akasema, "Mama, huko kuinama toa. Wageni wanataka kuona watu wakiruka, basi, wao wakiwa wanakula." Anneth akakataa. Wachezaji wake, akina Tobiko na Thomasi, wakapata kazi za kuongoza wageni, wakaondoka mmoja baada ya mwingine. Hakuwalaumu, walikuwa na familia.

Aliyebaki ni Supeet, mwimbaji kutoka Engaresero. Alipoleta posa, Mzee Qamara aliuliza, "Huyu ana ng'ombe, au ana koo tu?"

Supeet akajibu taratibu, "Ng'ombe wapo, baba. Ila wao hawaimbi."

Mzee alicheka hadi machozi, na posa ikapita. Walifunga ndoa Karatu tarehe 17 Oktoba 1998, na mwaka 2000 wakampata Nashipai. Anneth hakucheza kwa kanda hata siku moja. Alisema anamsubiri Supeet avute pumzi, ndipo mguu unajua pa kukanyaga.

Mwishoni mwa 2004 walialikwa kwenye tamasha Arusha, waicheze ngoma nzima mbele ya watu, jambo alilolingojea tangu atoke chuo. Januari 2005, wakiwa bado mazoezini, Supeet akapata kiharusi. Alipona akatembea, lakini sauti haikurudi. Waandaaji wakatafuta mwimbaji mwingine. Katikati ya onyesho Anneth akasimama, akawageukia watu. "Mnisamehe," alisema. "Simsikii." Akashuka, na hakupanda tena jukwaa lolote.

Mwaka 2006 miguu yake ilianza kuvimba, hata njuga zikawa hazifungiki. Madaktari walisema ni moyo, na kwamba ulianza kuharibika tangu utotoni. Alitibiwa, akalazwa, akarudishwa nyumbani. Mwaka huu, alipokuwa hatoki kitandani, mdogo wake Scholastika alimwomba amfundishe ile ngoma isipotee.

"Dada, nionyeshe hata kidogo."

"Kwa miguu ipi, Schola?"

"Nieleze kwa mdomo basi."

Akajaribu. Mguu wa kushoto, alisema, unachelewa. Scholastika akauliza unachelewa kiasi gani. Anneth akamtazama mumewe aliyekaa mlangoni. Supeet akafungua kinywa, ikatoka pumzi tu. Anneth akageukia ukutani.

"Acha, mdogo wangu. Hiyo imeisha."

Alifariki hapa nyumbani alfajiri ya Jumamosi, tarehe 9 Agosti 2008, akiwa na umri wa miaka thelathini na saba.

Ameacha mume, Supeet, binti, Nashipai, mama mzazi, Mama Martina, na wadogo zake, Raphael na Scholastika anayewasomea wasifu huu. Hakuacha mtu anayeijua Ngoma ya Magadi nzima. Familia imeona iseme hivyo kwa sababu ni kweli.

Supeet ameomba, kwa ishara, pasiimbwe wakati jeneza linashushwa. Tutanyamaza naye.

Mungu ampokee Anneth, ampe pumziko.