Benchi Nyuma ya Lori la Marcellin

Pale Nyalukemba, njia inapoteremka kuelekea ziwa, kuna lori kuukuu la Kijerumani lenye pua ndefu, na nyuma yake kuna benchi. Lori ni la Papa Marcellin. Benchi si la mtu, yaani ni la wale watatu wanaofika mapema kuliko kahawa. Démarreur ya lori, yaani starta, ilikufa zamani, na kwa miaka yote Marcellin aliliegesha pua ikitazama bondeni: asubuhi anaondoa jiwe, lori linateremka, linakohoa, linawaka. Lakini jioni ile aliyomzika mkewe Noëlla, hakuona sababu ya kulielekeza barabarani. Aliliegesha pua ikikaribia kugusa ukuta wa jirani, akaweka jiwe nyuma ya gurudumu, akaingia nyumbani. Baadaye watu wakagundua kwamba nyuma ya lori kuna kivuli kizuri. Benchi likaja, Maman Cibalonza akaja na thermos yake ya kahawa, na kijiwe kikazaliwa. Jumamosi hii kulikuwa na jambo: mnunuzi wa chuma chakavu alikuwa njiani na chupa zake za gesi, aje alikate lori vipande. Marcellin mwenyewe alimwita. Alimwita polepole, kama anavyosema kila kitu, lakini alimwita.

— Bon, leo njo banaikata, alisema Constantin.

Constantin anaitwa Docteur, kwa kuwa anatambua ugonjwa wa injini yoyote kwa kuisikiliza. Injini hii haikuwa imetoa sauti tangu mazishi, lakini hilo halikumzuia.

— Ilikufa na nini, Docteur? aliuliza Benoît.

— Moyo. Pompe ya mafuta. Nilisikiaka tangu ingali inatembea.

— Na haukusema?

— Mugonjwa hakuuliza.

Marcellin alikuwa ameketi mwishoni mwa benchi, kikombe mkononi. Mfukoni mwake mlikuwa na rozari iliyokuwa ikining'inia kwenye kioo cha lori. Aliigusa punje moja.

— Miye ningekuwa weye, Papa Marcellin, alisema Benoît, ningenunua Probox. Volant kuume, direct kutoka Japon.

Ndiyo maana yeye anaitwa Japon. Gari hana, ila upande wa usukani ameshachagua.

— Volant kuume, na barabara yetu tunapita kuume, alisema Docteur. Ukitaka kupita camion mbele yako, unaonaje?

— Unauliza mwenye uko naye kushoto kama njia iko wazi.

— Kwa hiyo unanunua motokari, na macho unaazima.

— Na ukiwa peke yako?

Huyo wa mwisho alikuwa Isidore, anayeitwa Projet, kwa sababu anafanya kazi kwenye shirika na hawezi kunywa kahawa bila kulitaja.

— Nikiwa peke yangu naomba Mungu, alijibu Japon.

— Kwetu ku projet hatuombe. Tuko na politique ya usalama. Camion ya umri kama hii haiingie hata ku parking. Iko hatari kwa bénéficiaires, bale tunasaidia.

— Kwani bénéficiaires banapandaka mo? aliuliza Japon.

— Apana. Hatari ni hata kuiona.

Maman Cibalonza alicheka ndani ya kitenge chake, akaongeza kahawa. Docteur hakucheka. Alikuwa amekumbuka jambo.

— Musizarau hii mashine. Ilivutaka ndege mu matope kule uwanja wa Kavumu. Ndege nzima, na batu ndani.

— Ndege ndogo, alisema Projet.

— Kubwa. Pilote alishuka analia.

— Injini yake ilitengenezwa kwanza kwa sababu ya mashua ya vita, alisema Japon. Ile ya kuzama chini ya maji. Njo maana mvua haiisumbue.

— Siku ile ya ndege nilikuwa, alisema Docteur. Miye njo nilifunga kamba.

Marcellin, aliyeliendesha lori hilo tangu ujana wake, alikuwa akisikia habari za ndege kwa mara ya kwanza. Alinywa kahawa yake taratibu ili asimwaibishe shahidi.

— Shida yako, Papa Marcellin, alisema Projet, uliiacha inalala. Camion ni kama mutu, ikikosa kutoka inaoza. Ulipashwa kuitembeza.

— Tulikuwa tunasikitika, alisema Japon. Kila siku tunaiona hapa, tunasikitika.

— Mukikunywa, alisema Maman Cibalonza.

— Kila asubuhi Papa Marcellin anapangusa vioo, anapima mafuta, anatia upepo mu pneus, aliongeza Docteur. Juu ya nini? Ni kama kuvalisha maiti.

Neno lile lilitua vibaya. Japon alichungulia kikombe chake kana kwamba kuna kitu kimezama humo.

— Maiti nilivalisha, alisema Marcellin. Haifanane.

Ndipo msichana aliyevaa kitenge cha korali akateremka njia, akasimama mbele ya benchi. Alikuwa Élodie, mdogo wake marehemu Noëlla. Tangu mazishi hakuwa amefika.

— Tumsifu Yesu Kristu.

— Milele na milele, walijibu wote, hata Projet.

— Beau-frère, alimwambia shemeji yake, kesho misa ya yaya Noëlla iko ku kanisa la Kasha. Korali iko na ngoma, na bale bamaman ba magoti mubaya. Tulisema nikuulize kama utatubeba. Kama vile mbele.

Kama vile mbele, yaani kama zamani, ilikuwa hivi: ngoma nyuma, akina mama juu ya ngoma, na Noëlla mbele pembeni ya Marcellin, akianzisha wimbo kabla injini haijawaka, kana kwamba wimbo ndio uliowasha.

Marcellin alifungua kinywa. Kwa kuwa husema polepole, wenzake walimsaidia.

— Haiwake, alisema Docteur. Moyo.

— Ingekuwa Probox, tungeona, alisema Japon.

— Korali nzima nyuma, bila ceinture ya kujifunga? alisema Projet. Nani atasaini?

— Na leo banaikata, alimalizia Docteur. Mutu wa gesi iko njiani.

Élodie alilitazama lori. Akatazama pua yake na ukuta, mtaro wa maji upande huu, nguzo ya umeme upande ule. Akafuata bodi hadi nyuma, akafika kwenye jiwe, kwenye benchi, kwenye thermos.

— Sasa siku akitaka kutoka, apitie wapi?

Docteur alivuta pumzi kama mtu anayeanza kueleza ugonjwa, akaitoa bure. Japon alitazama kuume, kisha kushoto. Projet alitazama viatu vyake.

— Kahawa imeisha, alisema Maman Cibalonza.

Marcellin alibaki na swali lile. Kila asubuhi, baada ya kupima mafuta, alizunguka hadi nyuma ya lori, akawakuta wameshaketi, akawasalimu, akaketi nao. Na kila jioni alimwomba Mungu amfungulie njia. Hakuwahi kufikiri kwamba Mungu angeweza kumjibu kwa maneno machache hivi: mwambie Isidore asimame.

— Isidore, alisema. Simama.

— Miye?

— Na banc pia.

Walisimama, wakainua benchi. Marcellin alipanda mbele, akatoa rozari mfukoni, akaining'iniza palepale ilipokuwa.

— Papa Marcellin, haitawaka, alisema Docteur.

— Basi usiogope kutoa jiwe.

Docteur alilitoa, akaruka pembeni. Lori lilirudi nyuma polepole kama mwenyewe, likapita juu ya mahali pa kijiwe, likashtuka, likakohoa moshi mweusi uliowafunika watatu pamoja na benchi lao.

Likawaka.

— Pompe iko muzima, ilisema sauti ya Docteur ndani ya moshi. Nilisemaka.

Marcellin aliligeuza kule chini, akaliegesha upande wa pili wa njia, pua bondeni. Mnunuzi wa chuma chakavu alipofika akisukuma chupa zake, alikuta Marcellin akipangusa kiti cha mbele na Élodie akiimba kwa sauti ndogo.

— Nilikuita, alisema Marcellin. Unisamehe. Urudi na amani.

Wale watatu walikuwa bado juani, benchi mikononi, wakitafuta kivuli. Waliliona lori, wakavuka njia na benchi lao, wakalishusha taratibu mbele ya pua yake.

— Nyuma, alisema Marcellin.